Kesi ya Bwambale

Nyumbani kwetu Kilembe hatujawahi kukosa mahakimu. Jumapili ile Bwambale alipovimba midomo katikati ya chakula cha mchana, na mabaka mekundu yakamtoka shingoni hadi kiunoni, kesi ilifunguliwa kabla sahani hazijaondolewa mkekani. Mzee, ambaye ni baba yangu mzazi, alishitaki maji ya mto Nyamwamba. Shemeji alishitaki sabuni mpya ya kufulia. Jirani wa ukuta wa pili alikuja kushitaki paka, na paka mwenyewe ni wake. Kwa simu kutoka Bwera, mama yake shemeji alisema sisi sote hatujui lolote: mtoto ametupiwa jicho, naye anamjua mwenye jicho, ila hawezi kumtaja kwa sababu muda wa maongezi unamwishia.

Katikati ya mkeka, karibu na goti la mtoto, palikuwa na kipande cha samaki aina ya ngege kilichong'atwa mara moja. Hakuna aliyekitazama. Samaki kwetu ni mwenyeji, na mwenyeji hashukiwi.

Ili msomaji asipotee, nieleze ukoo kidogo. Bwambale ni mtoto wa dada yangu. Kwa Bakonzo mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, kwa hiyo ukiita "Bwambale!" kwenye stendi ya Kasese watageuka watu wengi kuliko unaowahitaji. Jambo hilo litatuletea balaa huko mbele. Jina amelipata kwa baba yake, yaani shemeji, mtu wa Bwera. Upande wetu ni mchanganyiko. Mzee alizaliwa Nyanza, Kenya, kando ya ziwa, akaja Kilembe akiwa kijana kuchimba shaba enzi mgodi ulipokuwa mgodi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na nyuma yake wakaja watu wa kila lugha. Kiswahili ndicho walichoelewana nacho chini ya ardhi, na kwenye nyumba yetu ya zamani ya wafanyakazi kimebaki hicho hicho, maana marehemu mama alikuwa Mkonzo na Mzee hajawahi kuivuka salamu ya Lhukonzo. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 wenzake wengi walirudi makwao. Yeye alibaki, na katika mambo ya kwao alilokataa kuliacha ni moja tu, samaki. Anamla kama wengine wanavyosali, kwa ratiba na bila kujadiliana: ngege wa Katwe au Kayanzi pesa ikiwepo, mukene, yaani dagaa, ikiwa haipo. Mukene yeye humwita omena, kama kwao.

Sasa fikiria mzee wa namna hiyo ana mjukuu ambaye tangu ameota meno husukuma samaki kwa ulimi. Mzee alisema mtoto amedekezwa. Baadaye tuliambiwa kwamba watoto wengi wenye aleji hufanya hivyo hivyo: mdomo unawawasha, koo linakereketa, na kwa kuwa hawana maneno ya kulieleza hilo wanatema.

Uamuzi wa mahakama ya Jumapili ulitolewa na shemeji, mtu mwema lakini wa papara. Kwa kuwa mshitakiwa hakujulikana, aliwafunga wote. Mayai, karanga, maziwa, maharage, nanasi, samaki, nyanya na sabuni ya unga vyote vilipigwa marufuku. Paka alirudishwa kwao na barua. Bwambale alibaki na bundu, yaani ugali wa muhogo, na mboga za majani. Mabaka hayakurudi, na shemeji akatembea kifua mbele. Haukupita muda, mashavu ya mtoto yakaanza kushuka, nywele zikapauka, na yule aliyekuwa akikimbiza kuku akawa anakaa ukutani kuwatazama kuku wakipita.

Ndipo dada akambeba hadi kwa musawo (tabibu) mmoja Kasese mjini, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Mimi nilienda nao kubeba daftari. Kwetu Uganda mgonjwa hununua daftari la shule, na humo ndimo maisha yake yote huandikwa. Musawo hakuanza na dawa, alianza na maswali, nayo yalikuwa ya kipolisi hasa. Alikula nini? Kiasi gani? Dakika ngapi zilipita kabla ya kuvimba? Imewahi kutokea tena? Je, chakula hicho hicho amewahi kukila siku nyingine asidhurike?

Lile swali la mwisho lilibomoa kesi yote ya shemeji. Karanga Bwambale alikuwa amezila tangu anatambaa, za kuchemsha na za kusaga, bila hata chafya. Mayai vilevile. Maharage ndiyo usiseme. Aleji ya chakula, musawo alisema, haina kawaida ya kuchelewa sana: huja ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita, na hurudi mtoto akirudia chakula kile kile. Dada akafumba macho akahesabu Jumapili na siku za sikukuu. Kila alipopata mabaka palikuwa na ngege.

"Basi mshitakiwa wenu ni huyo," musawo akasema. "Wengine wote waachieni leo. Mtoto huyu hafi kwa aleji, anataka kufa kwa njaa."

Kisha akatusomea somo ambalo mimi, mwalimu, nililiandika nyuma ya daftari. Karanga na mayai ndiyo nyama ya maskini, na ukimnyima mtoto bila sababu unafungulia utapiamlo mlango. Zaidi ya hapo, kumnyima kunaweza kuzaa aleji yenyewe. Mwaka 2015 daktari Gideon Lack wa London na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya aleji. Nusu walilishwa vyakula vya karanga tangu wakiwa na umri wa kati ya miezi minne na kumi na mmoja, nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, waliolishwa walikuwa na aleji ya karanga kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ushauri wa miaka mingi huko Ulaya wa kuwaficha watoto karanga ulikuwa umegeuzwa miguu juu. Bibi zetu waliowapaka wajukuu supu ya karanga midomoni hawakusoma utafiti huo, lakini nao walikuwa na yao.

Na ngozi je? Bwambale alizaliwa na ngozi kavu, ukurutu ukamshika mapema kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Musawo alisema ngozi iliyopasuka ni mlango. Chakula kikiingia kwanza kwa tumbo, mwili huzoeana nacho. Kikiingia kwanza kwa nyufa za ngozi, mwili waweza kukiona adui, ukatengeneza kingamwili za kukingoja. Niliukumbuka ukumbi wetu, Mzee akipara magamba ya ngege asubuhi na mtoto akitambaa hapo hapo akijikuna. Sikusema kitu. Hata hivyo tulipofika nyumbani dada alisugua sakafu ile mpaka saruji ikabadilika rangi.

Kuna jingine ambalo nimelisoma baadaye, maana ugonjwa wa walimu ni kusoma hata karatasi iliyofunga sambusa. Huko Entebbe, kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waliandikishwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Watoto wa akina mama waliopewa albendazoli wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi kuliko wa wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wanasayansi wanadhani minyoo huutuliza ulinzi wa mwili usiwe na hasira za bure. Nilipomsimulia Mzee aliinua kichwa kwa furaha: "Kumbe tatizo la watoto wa siku hizi ni usafi!" Ilibidi nimwambie minyoo inanyonya damu ya mama na hakuna aliyesema tuifuge. Alisikia nusu ya kwanza tu.

Hukumu dhidi ya samaki aliipokea vibaya zaidi. Kwanza alikana. Alikuwa amekula samaki tangu kuzaliwa, na baba yake, na baba wa baba yake, na hakuna aliyevimba. Pili alikata rufaa: labda ni ngege wa Katwe, kwa sababu ya chumvi ya ziwa lile, sangara je? Musawo alikuwa ameshalijibu hilo. Kinachosumbua ni protini ya msuli wa samaki iitwayo pavalbumini, nayo inafanana katika samaki wengi, na moto hauivunji. Umkaange, umchemshe, umkaushe au umbanike kwa moshi, bado imo.

Nyumba ikaacha samaki. Dada, kwa uchungu wa mashavu ya mwanawe, alirudisha mayai, karanga na maziwa, na juu yake akanunua sokoni unga wa uji wa lishe, ule unaochotwa kwenye gunia kwa kikombe na kufungwa kwenye mfuko usio na maandishi. Muuzaji aliapa kwamba mtoto akiunywa atanenepa hadi majirani waulize. Bwambale alianza kujaa. Na mabaka yakaanza kurudi. Si kila siku. Asubuhi hii yanatoka, asubuhi tatu yanalala, ya nne yanatoka tena na macho yanavimba.

Nani angeshukiwa sasa? Macho yote yalimgeukia Mzee. Shemeji hakusema wazi, mkwe hawezi kumwambia baba mkwe "unamlisha mtoto samaki kwa siri," ila alianza kuuliza kwa sauti ya upole ni nani aliyekaa na mtoto jana jioni. Mzee si mtoto. Aliinuka akasema kwamba mgodini mtu akishitakiwa bila ushahidi, wenzake waliweka vyombo chini. Akaweka kijiko chini. Tangu siku hiyo hakula jikoni kwetu. Alinunua sigiri yake, sufuria yake na ngege wake, akawa anajipikia nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Mgomo ule ulitutesa kuliko mgomo wowote wa mgodi. Mvuke wa samaki anayechemka hubeba protini ile ile hewani. Kidogo, lakini kwa mtoto mwenye kifua chepesi inatosha. Bwambale alianza kukohoa jioni na kifua kikapiga filimbi. Shemeji akaona ushahidi umejitosheleza. Mzee akaona anaonewa mara mbili. Siku hizo ndipo Bibi wa Bwera, yule mama yake shemeji, aliposhuka kwenye teksi, amekuja kumwona mgonjwa, na kichwani ana beseni. Alikuwa ametoka soko la Mpondwe, ambako siku za soko, Jumanne na Ijumaa, nusu ya bidhaa za Kongo huvuka mpaka. Akafunua beseni kwa fahari: makayabo, samaki wa chumvi, wa kumpa mjukuu nguvu.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aanze mgomo.

Kilichofuata hakikuchekesha. Asubuhi moja dada alikung'uta chini ya ndoo ya unga, akapika uji wa mwisho mzito, na Bwambale, ambaye sasa alikuwa na hamu ya kula, akamaliza kikombe akaomba cha pili. Kabla hakijapoa alianza kujikuna viganja. Halafu akatapika. Halafu sauti yake ikawa ya kukwaruza, kama si yake, na midomo ikajaa. Bibi alitaka maziwa. Jirani alikuja na Piriton. Shemeji alitaka kumsimamisha mtoto apate hewa. Dada alikumbuka alichoambiwa na musawo: mabaka peke yake ni jambo moja, lakini mabaka pamoja na kutapika, au sauti kubadilika, au kifua kubana, au mtoto kulegea, ni dharura, na hapo Piriton haitoshi kwa sababu haifungui koo wala hainyanyui shinikizo la damu lililoanguka. Kinachohitajika ni adrenalini, upesi, na mtoto asisimamishwe wala kutembezwa.

Hospitali ya mgodi iliharibiwa na mafuriko ya Nyamwamba mwezi Mei 2020, mto ule ule uliotubomolea madaraja mwaka 2013, kwa hiyo safari ilikuwa ya kuteremka hadi Kasese. Mwenye bodaboda alishuka bonde lile namna ambayo siku nyingine ningemwitia polisi. Tulipofika walimlaza, wakamdunga upande wa nje wa paja, katikati. Dozi ya mtoto wa kilo 15 ni miligramu 0.15, sehemu ndogo tu ya kichupa kimoja kidogo cha glasi. Nilisimama nikitazama midomo yake. Filimbi ya kifua ikaanza kushuka, rangi ikarudi, na kabla musawo hajamaliza kuandika, Bwambale aliuliza kama uji umebaki.

Hawakuturuhusu kuondoka. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila mtoto kula kitu kingine, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi mpaka jioni. Musawo wetu alipita, akalichukua daftari, akasoma, akakunja uso.

"Mabaka haya yote ni ya asubuhi," akasema. "Samaki wa babu hupikwa jioni. Leteni kila kinachopita mdomoni mwa mtoto asubuhi. Kila kitu, hata cha kuonja."

Kesho yake dada alipanga mezani vyote: majani ya chai, sukari, maziwa, kikombe, kijiko, mwiko, na masalia ya unga kwenye mfuko. Tukavitazama kama waganga. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, bado yuko kwenye mgomo, lakini mgomo haukumkataza kunusa. Alisogea. Akainama juu ya mfuko. Akachovya kidole, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Omena," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Na si omena mzuri," akaongeza. "Huyu alianikwa kwenye mchanga."

Dada alikimbia sokoni. Muuzaji hakuficha chochote, hata alishangaa kuulizwa. Ulezi, mahindi, soya, karanga, na mukene wa kusagwa. Lishe kamili bila mukene ni lishe gani? Naye alikuwa na haki yake. Mukene ni samaki wa bei nafuu mwenye protini na madini tele, na kumsaga kwenye uji kumewasaidia watoto wengi wa nchi hii. Hakuna aliyemwuliza, na mfuko haukuwa na maandishi ya kumjibia. Musawo alidhani unga wa samaki ulikuwa haukuchanganyika sawasawa, ukajikusanya chini ya ndoo, ndiyo maana asubuhi nyingine zilipita salama na ile ya mwisho nusura itunyang'anye mtoto.

Shemeji aliomba radhi kwa kupiga goti moja, na kwa mkwe hilo si dogo. Mzee alisamehe kwa masharti. Mkataba uliandikwa na mimi: Mzee ana sigiri yake, sufuria yake, mwiko wake wenye alama ya rangi nyekundu, na anapika upande wa chini wa ua, mbali na dirisha. Akimaliza ananawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu maji matupu hayatoshi. Samaki hakai kwenye mafuta yanayokaangia chapati. Nyuma ya mlango kuna karatasi yenye dalili za dharura na namba ya mwenye bodaboda, maana zile sindano za kujidunga ambazo watoto wa Ulaya hubeba mfukoni kwenye maduka yetu ya dawa hazipo. Kilichopo ni kujua ni kituo kipi kina adrenalini leo, na dada hupiga simu kuuliza kabla ya safari yoyote ndefu.

Shule ya chekechea ilibaki. Dada alienda akamwambia mpishi, polepole, mara mbili: Bwambale hali samaki, wala mukene, wala uji wenye mukene. Mpishi alielewa kabisa. Siku chache baadaye mama mmoja tusiyemjua alisimama uani kwetu, mikono kiunoni, akitaka kujua ni kosa gani mwanawe alimfanyia dada yangu hata anyimwe mukene. Nyuma yake alikuwa mwingine na swali hilo hilo. Mpishi, mtu makini, alikuwa amewazuia akina Bwambale wote wa shule, na akina Bwambale walikuwa wengi. Sasa picha ya wetu imebandikwa jikoni pale shuleni, na wenzake wamerudishiwa haki zao.

Bibi wa Bwera hajaacha kupeleleza. Juzi alipiga simu akiwa ameshtuka: amesikia kuku wa mayai wa kisasa hulishwa mukene. Je, mayai anayokula mjukuu si samaki aliyezunguka? Nyumba ikagawanyika tena. Shemeji akanyamaza, amejifunza. Nilimpigia musawo.

"Mtoto anakula mayai?"

"Kila siku."

"Na huwa inatokea nini?"

"Hakuna."

"Basi mnaniuliza nini?"

Jibu hilo halikumtosheleza Bibi. Ijumaa alifika na kuku wa kienyeji kwapani, akaapa kwamba tangu ameanguliwa hajaonja ila mahindi. Mzee alimtazama kuku huyo kwa muda, akauliza kwa adabu kama kuku wa Bwera huwa hawapiti Mpondwe siku za soko, samaki wakiwa wametandazwa chini. Bibi akajibu kwamba kuku wake wana malezi. Wakaendelea hivyo mpaka kuku mwenyewe, amefungwa kwenye mguu wa kiti, akataga. Dada alilichukua yai, akalikaanga na nyanya, akalikunjia kwenye chapati, na Bwambale akaimaliza rolex yake kabla kikao hakijaahirishwa.